Sekunde Moja ya Bi Harusi



Sisi tunaoshona magauni ya harusi hapa Tunguu tunampima bi harusi akisimama, akikaa, akitembea. Tukiona hakuna kinachofunuka, tunasema gauni limekaa. Karibuni tulioneshwa kwenye simu kitu tulichokuwepo kikitokea na tusikione. Siku ya kupambwa, bi harusi aligeuka na mpasuo wa gauni ukafunguka hadi juu ya goti, ukajifunga. Ukumbini hakuna aliyeona. Lakini mgeni mmoja alikuwa akirikodi kwa mwendo wa pole, na asubuhi video ilishafika kwa wanaume. Mpasuo ule tuliushona sisi, na bi harusi alirudi dukani akilia, akitaka tuuzibe. Tuliuziba. Video hatukuwa na la kuifanya.

Simu nyingi sasa hupiga picha 240 kwa sekunde. Zikioneshwa 30 kwa sekunde, sekunde moja inakuwa nane. Ufundi wenyewe una umri: mwaka 1878 kule California, Eadweard Muybridge alipanga kamera kwa mstari akampiga picha farasi anayekimbia, ikaonekana kuna wakati miguu yote minne iko hewani. Watu walikuwa wakibishana juu ya hilo. Elimu nzuri, na farasi hana sitara ya kuvunjwa.

Bibi zetu waliokwenda Capital Art Studio, Mjini Mkongwe, iliyofunguliwa 1930, walikaa kitini, wakaweka sawa mtandio, ndipo wakapigwa. Walijua picha gani inachukuliwa. Bi harusi wa leo hajui, hata anayerikodi mwenyewe hajui mpaka airudishe nyuma.

Mtume (S.A.W.) alimuusia Sayyidna Ali (R.A.) asifuatishe tazamo la kwanza kwa la pili, kwani la kwanza lina udhuru. Mwendo wa pole ni tazamo la pili, la tatu, la ishirini, na linatumwa kwa watu ambao hata la kwanza hawakulipata.

Hatusemi harusi zisipigwe picha. Rikodini moshi wa udi ukipanda, asumini zikimwagwa, inapendeza mno kwa mwendo wa pole. Lakini bi harusi mwenyewe arikodiwe na mwanamke mmoja aliyekodiwa, na kadi ya kamera ibaki kwa mama yake usiku uleule. Simu za wageni zikae kikapuni mlangoni, somo azisimamie. Anayekataa, hata akiwa shangazi, akae barazani mpaka bi harusi atolewe ukumbini.