Juani Kibirizi: muamala umeingia, ila skrini haisomeki

Saa 7 mchana kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, biashara ya dagaa na migebuka haisimami eti kwa sababu jua ni kali. Mnunuzi anatuma pesa kwa simu, muuzaji anasikia mlio wa ujumbe, anatoa simu na kukodoa macho. Anachokiona ni sura yake mwenyewe. Anaigeuza kushoto, anaigeuza kulia, anaikinga kwa kiganja. Mwisho anasema "poa, imeingia", na gunia linaondoka.

Hapo ndipo shughuli ilipo. Huyo muuzaji hajasoma jina la aliyetuma, hajasoma kiasi, hajaona salio jipya. Amesikia mlio tu. Na matapeli wanaotunga SMS za kufanana na zile za mitandao ya pesa wanamtegemea mtu wa aina hiyo hiyo, asiyesoma mpaka mwisho. Jua la mchana linawafanyia kazi bure.

Watu wengi wakipatwa na hali hii hulaumu macho au hulaumu simu: "simu yangu inazingua". Ukweli ni kwamba jambo hili linapimika kwa namba, na namba hizo zinaonyesha kwa nini simu inayong'aa vizuri dukani mjini inakufa ikifika ufukweni.

Tuanze na jua lenyewe. Kigoma iko magharibi kabisa mwa Tanzania lakini inafuata saa moja na Dar es Salaam. Kwa hiyo jua la Kigoma halifiki juu kabisa saa 6 mchana, linafika karibu saa 7. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita karibu kabisa juu ya utosi. Siku isiyo na mawingu, mwanga unaoanguka ardhini mchana hufika kama luksi 100,000. Luksi ni kipimo cha mwanga unaokifikia kitu. Sebuleni usiku, chini ya balbu ya kawaida, mara nyingi haufiki hata luksi 300.

Skrini nayo ina kipimo chake, niti. Wenye umri mkubwa pale Ujiji wanaikumbuka karabai, na karabai kubwa ya Petromax iliuzwa kwa nguvu ya mishumaa 500. Niti inatoka kwenye hesabu hiyo hiyo ya mishumaa: niti moja ni mwanga wa mshumaa mmoja uliotandazwa kwenye eneo la mita moja ya mraba. Simu nyingi za bei nafuu zinatoa kati ya niti 400 na 500. Ukizidisha kwa ukubwa wa kioo cha inchi 6.5, simu nzima mwanga ukiwa juu kabisa ni kama mishumaa minne au mitano hivi. Mishumaa mitano dhidi ya jua la saa 7. Ndiyo vita yenyewe hiyo.

Lakini jua lenyewe silo adui mkubwa. Adui ni kile kinachojiakisi kwenye kioo.

Kioo cha simu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga wa kitu kilicho mbele yake, na kikiwa na vumbi na mafuta ya vidole hurudisha zaidi. Sasa fikiria aliyeishika amevaa kanzu au shati jeupe. Nguo nyeupe inayopigwa na jua moja kwa moja inaweza kufika niti 20,000. Asilimia 4 ya hizo ni niti 800. Maana yake ni kwamba ile taswira ya kanzu juu ya kioo inang'aa karibu mara mbili ya maandishi ya SMS. Mchanga mkavu wa ufukweni, kwa hesabu hiyo hiyo, unarudisha kama niti 400, yaani sawa na simu yenyewe. Nguo ya bluu iliyoiva au nyeusi hairudishi hata niti 100.

Kwa hiyo kina mama wa mwaloni wanaovuta khanga juu ya kichwa na kuingiza simu ndani yake kabla ya kusoma ujumbe hawaoni haya wala hawafichi salio. Wanatengeneza giza, na wako sahihi kwa hesabu. Mwenye shati jeupe anayetafuta kivuli cha boti kwa dakika moja naye yuko sahihi. Kivuli cha wazi kinaweza kuushusha mwanga hadi luksi 10,000 au chini yake, na chini ya mwembe mzito kama ile ya Ujiji unashuka zaidi. Simu ile ile ya niti 450 inaanza kusomeka.

Dukani wanasema nini? Kwa kawaida hawasemi kitu. Mteja wa Kigoma anauliza GB, kamera na betri. Anayeuliza niti ni wa kutafuta kwa tochi. Na zile kampuni zinazotangaza namba zinatangaza ile kubwa kuliko zote. Apple, kwa mfano, iliandika kwa iPhone 15 kuwa mwanga wa kawaida ni niti 1,000 na wa nje juani ni hadi 2,000. Samsung iliitangaza Galaxy S24 Ultra kwa niti 2,600. Si uongo, ila ni namba za kilele. Simu nyingi hazifiki kwenye kilele hicho ukivuta mstari wa mwangaza kwa kidole. Zinafika pale tu mwangaza ukiwa kwenye otomatiki na sensa ikishahisi jua kali. Tena si kwa muda mrefu. Simu ikipata joto inapunguza mwanga yenyewe ili isiungue, na ukiiacha juu ya jaba la dagaa juani haichukui muda.

Hili la otomatiki linawaumiza wengi bila wao kujua. Mtu anaizima ili kuokoa chaji, halafu anashangaa simu ya jirani, ya aina ile ile, inasomeka juani na yake haisomeki.

Halafu kuna vioo vya kubadilisha. Simu ikianguka na kupasuka, fundi anatoa bei mbili: kioo oji na kioo kopi. Kopi ni nafuu, inawaka, inagusika, mteja anaondoka na furaha. Tatizo ni kwamba kwenye simu zilizotoka kiwandani na kioo cha AMOLED, kopi nyingi ni LCD ya kawaida, na nyingi zinang'aa kidogo kuliko kile cha mwanzo. Usiku nyumbani hakuna anayegundua, inagundulika mwaloni. Kipimo cha kwanza ni rahisi: fungua picha nyeusi tii kwenye chumba cha giza. AMOLED inazima kabisa, huoni kioo kiko wapi. LCD inabaki na weupe wa kijivu kwa nyuma. Kama simu iliuzwa kuwa ni AMOLED na picha nyeusi inatoa ukungu, kioo kimebadilishwa, liwe limesemwa au halikusemwa. Anayenunua simu used afanye hivyo kabla ya kutoa hela.

Kupima niti zenyewe kunahitaji simu ya pili yenye sensa ya mwanga. Sensa hiyo huwa juu, karibu na spika ya kusikilizia, na baadhi ya simu za bei ya chini kabisa hazina. Kwenye Samsung nyingi, ukibonyeza *#0*# kama unayepiga simu, unafunguka ukurasa wa majaribio wenye usomaji wa sensa kwa luksi. Kwa simu nyingine zipo programu za bure za kupima luksi. Subiri usiku, zima taa. Simu inayopimwa iwekwe picha nyeupe tupu, otomatiki izimwe, mwangaza uvutwe mpaka mwisho. Sensa ya simu ya pili ibandikwe juu ya ule weupe, katikati. Namba ya luksi inayotoka igawanywe kwa 3.14. Ikisoma 1,400, jibu ni kama niti 446.

Jibu hilo lisichukuliwe kama la maabara. Sensa za simu zina makosa yake, na mbili zinaweza kusema mambo tofauti juu ya kioo kimoja. Faida yake iko kwenye kulinganisha: sensa moja, simu mbili za aina moja. Ya kwanza ikisoma 1,400 na ya pili, iliyotoka kwa fundi juzi, ikisoma 900, hapo mtu ana hoja ya kurudi nayo kwa fundi badala ya "naona kama haing'ai".

Jaribio hilo hilo lirudiwe otomatiki ikiwa imewashwa na tochi ya simu nyingine ikimulika sensa ya simu inayopimwa. Ikiwa simu ina kilele cha juani, namba itaruka ghafla. Isiporuka, mnunuzi ajue alichokipata usiku ndicho atakachokipata mwaloni. Lirudiwe tena na protekta ikiwa imebanduliwa, hasa zile za kuzuia wengine kuchungulia, ambazo zimeshika chati siku hizi. Protekta hizo zinakula mwanga, na anayefanya biashara juani analipia usiri huo kwa kutosoma.

Kuhusu ule mstari wa mwangaza, nusu yake siyo nusu ya mwanga. Tangu Android 9, mstari umepangwa kufuata jicho linavyoona, kwa hiyo ukiuacha katikati simu inatoa chini sana ya nusu ya niti zake. Anayeacha "nusu ili isile chaji" akatoka nayo nje, ametoka na mshumaa mmoja.

Serikali iko wapi katika hili? Udhibiti wa simu nchini umekuwa ukiangalia utambulisho. Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia, na mpaka leo mtu anaweza kubonyeza *#06# kupata namba ya simu yake na kuituma kwenda 15090 kuhakiki. Ni hatua nzuri, lakini IMEI inakaa kwenye mtambo wa simu, haikai kwenye kioo. Simu inaweza kupita uhakiki huo ikiwa na kioo hafifu cha mkononi mwa tatu. Kumlazimisha kila fundi wa Mwanga au Ujiji apime niti ni ndoto. Ila kumtaka aandike kwenye risiti kama kioo alichoweka ni oji au kopi, LCD au AMOLED, hakuhitaji mashine yoyote, na ni jambo ambalo wateja wenyewe wanaweza kuanza kulidai kesho.

Uzito wake unaonekana zaidi kwa watu wa ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu ni ya kiangazi. Ziwa likifunguliwa, mauzo yanarudi kwa kishindo katika msimu ambao jua halina mawingu ya kulizuia, na muuzaji aliyekaa miezi mitatu bila kipato hana uwezo wa kupoteza gunia moja kwa SMS ya kutunga.

Kwa huyo, dawa ya haraka haitegemei niti. Asiangalie ujumbe, aangalie salio kwa kuingia mwenyewe kwenye menyu ya mtandao wake wa pesa, chini ya kivuli, kabla mzigo haujanyanyuliwa. SMS ya kitapeli aitume kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti, pamoja na namba iliyoituma. Mnunuzi wa kweli atasubiri dakika mbili. Anayesema "mama, boti inaniacha" asubirishwe tano.

Usiku mambo yanageuka. Wavuvi wa dagaa wanatoka giza la mwezi likiwa limetanda, taa zinawashwa juu ya maji kuvuta samaki, na simu sasa inatakiwa iwe na mwanga mdogo iwezekanavyo. Jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na kuchungulia skrini iliyobaki kwenye mwanga wa mchana kunalirudisha nyuma. Anayeongoza mtumbwi nje ya duara la taa zake, akitafuta chombo kingine kisicho na taa, kwa muda huo haoni. Android 12, iliyotoka 2021, ilileta sehemu ya kushusha mwanga chini zaidi ya mwisho wa mstari. Kwenye simu nyingi imefichwa ndani ya mipangilio ya ufikivu, na inafaa kuiwasha ukiwa bado nchi kavu, kabla injini haijavutwa.