Majina ya Mungu Si Hirizi za Duara

Katika ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa, majina ya Mungu ya Kiebrania yameenea barabarani. Yehova Yire ni duka la nondo na mabati. El Shadai ni saluni, na mlango wa pili ni wakala wa fedha. Ebenezeri limebandikwa kwenye kioo cha nyuma cha bajaji. Yehova Nisi limechorwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa lori la mawe, na huko machimboni yapo maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, na makarasha ya kusagia mawe yaliyopewa majina hayo hayo. Mimi napenda kuyaona. Mtu anayekumbuka kuliandika jina la Muumba wake mahali anapotafutia riziki amefanya jambo jema. Lakini imenilazimu kuandika makala haya kwa sababu naona tumeanza kuyatumia majina hayo kwa namna ambayo wenyewe waliotuachia hawakuyatumia, na namna hiyo itatuangamiza.

Ndugu msomaji, karibu majina yote hayo yana siku yake na mahali pake. Hakuketi mtu akayatunga ili yapendeze. Jambo lilitokea, mtu akaliona, akatoa jina. Msukuma anaelewa hili bila kufundishwa. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha. Shija aliwafuata mapacha Kulwa na Doto. Mayunga mama yake alikuwa kiguu na njia. Ukilisikia jina unajua kulikuwa na habari. Na wazee wetu, kabla Biblia haijafika Usukumani, walimwita Mungu kwa majina zaidi ya moja, Seba na Liwelelo, wala hawakuyatamka ovyo. Wayahudi nao, jina lile kuu lenye herufi nne, ambalo katika maandiko yao limo zaidi ya mara 6,800, hawalitamki kabisa; wakilifikia husoma Adonai, yaani Bwana. Ndiyo maana Biblia yetu ya Kiswahili ya Union huliandika BWANA kwa herufi kubwa. Watu waliopewa jina wenyewe wanaliogopa, sisi tunaliandika kwenye ndoo za kuogea.

Tuanze na Yehova Yire, kwa kuwa ndilo linalopendwa kuliko yote. Tunalisoma kwa maana ya kwamba Mungu atatupatia: atatupatia mwamba wenye dhahabu, atatupatia mteja, atatupatia gari. Fungueni Mwanzo 22 muisome yote. Jina hilo ni la mlima. Ibrahimu alilitoa baada ya kisu kuwekwa chini na kondoo dume kuonekana kichakani, na alikuwa amepanda mlima ule akiwa tayari kutoa kitu pekee alichokuwa anakipenda kuliko uhai wake. Kuna siku 3 za safari kabla ya jina hilo, na katika siku hizo Ibrahimu hakudai kitu. Anayetaka kuliita duara lake Yire kabla hajafukua hata futi moja, akitazamia jina livute mawe mazuri, ameanza habari mwisho.

Ebenezeri ni zito zaidi, na nashangaa kuona linahubiriwa kwa wepesi. Kila mtu anajua jiwe la Samweli katika 1 Samweli 7, jiwe la kukumbuka kwamba hadi hapa Mungu amesaidia. Wachache wanakumbuka kwamba jina la mahali hapo limetajwa kwanza katika sura ya 4, nalo limetajwa kwa aibu. Waisraeli walipiga kambi Ebenezeri, wakapigwa na Wafilisti, wakasema basi tulete Sanduku la Agano vitani, lituokoe. Walilileta kwa kelele za shangwe hata nchi ikavuma. Wakapigwa mara ya pili, vibaya kuliko mara ya kwanza, na Sanduku lenyewe likatekwa. Walikuwa na kitu kitakatifu kuliko vyote mikononi mwao, wakakitumia kama hirizi, na hakikuwafaa kitu. Jiwe la Samweli lilisimamishwa miaka mingi baadaye, watu walipokwisha kufunga, kukiri makosa yao na kuvitupa vinyago vyao.

Nasema habari hii ya hirizi kwa uchungu kwa sababu ukanda wetu unajua hirizi zinaishia wapi. Septemba 2009, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino huko Bukombe. Bukombe wakati ule ilikuwa Shinyanga, leo ni Geita. Watu wenye ualbino waliuawa, na vikongwe wenye macho mekundu waliuawa, kwa sababu waganga waliwaaminisha watu kwamba ipo njia ya mkato kati ya mtu na mali, nayo ni kushika kitu chenye nguvu na kukifanya kikutumikie. Mkristo atasema yeye hajapeleka mtu kwa mganga. Sawa. Lakini akinunua mafuta na chumvi kwa nabii, akayamwaga mdomoni mwa shimo huku akitamka Yehova mara 7 ili mwamba ufunguke, nani atamweleza mtoto wake tofauti? Mungu aliyezuia kisu cha Ibrahimu kisimguse mtoto hawezi kuitwa kwa desturi iliyozaliwa nyumba moja na ile iliyomuua mtoto wa Bukombe.

Sasa nije kwenye El Shadai, Mungu Mwenyezi, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa kuwa jina hili linatuhusu sisi watu wa machimbo kuliko watu wengine wote. Katika Agano la Kale jina Shadai limo mara 48, na mara 31 kati ya hizo zimo katika kitabu kimoja, kitabu cha Ayubu. Na kitabu hicho hicho, sura ya 28, kinaeleza kazi ya uchimbaji kana kwamba mwandishi alikaa hapa kwetu machimboni Mgusu. Anasimulia watu wanaopeleka taa gizani, wanaofukua shimo mbali na makao ya watu, wanaoning'inia na kuyumba huko chini wamesahauliwa na wapitao juu; anataja mawe yenye vumbi la dhahabu na njia ambayo hata jicho la tai halijaiona. Aliyewahi kushushwa kwa kamba katika duara la futi 150, matimba, ile miti ya kuzuia kuta, yakilia pembeni na jasho likimwingia machoni, atajua kwamba huyo hakuandika kwa kusikia. Kisha anauliza: hekima je, mtu anaichimba wapi?

Wahubiri wetu wanapenda kunukuu kutoka Ayubu 22, pale panaposemwa kwamba ukikusudia neno litathibitika, na kwamba Shadai atakuwa dhahabu yako. Nimeyasikia maneno hayo katika mikutano mingi ya injili. Lakini ni nani anayesema pale? Ni Elifazi, rafiki wa Ayubu. Na katika sura ya 42 Mungu anamgeukia Elifazi huyo kwa hasira na kumwambia kwamba yeye na wenzake hawakunena yaliyo sawa juu yake. Tumejenga imani ya utajiri juu ya maneno ya mtu aliyekemewa na Mungu mwenyewe.

Msikilizeni Ayubu sasa, katika sura ya 31, anapomwita Shadai amjibu. Anajitolea hesabu. Anasema kama aliifanya dhahabu kuwa tumaini lake, basi ahukumiwe. Kama alikataa kumsikiliza mtumishi wake wa kiume au wa kike alipomlalamikia, atamwambia nini Mungu atakaposimama, maana aliyemuumba yeye tumboni ndiye aliyemuumba na mtumishi? Kama shamba lake linamlilia kwa sababu alikula mazao bila kulipa, basi pasiote ngano, paote miiba. Hivi ndivyo alivyoliita jina hilo mtu aliyelijua: aliwataja wafanyakazi wake. Mwenye duara anayetaka kuandika El Shadai na aandike, lakini ajue amewaita wachimbaji wake wote kuwa mashahidi.

Yehova Rafa, Mungu aponyaye, nitalipitia kwa kifupi ingawa lina mengi. Lilitolewa katika Kutoka 15, penye maji ya Mara, maji machungu yasiyonyweka. Uponyaji wa kwanza katika habari ile ulikuwa wa maji ya watu wote. Sisi tunaitana kwenye maombezi ya uponyaji Jumapili, na Jumatatu tunachanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, tunakichoma kile kidonge cha dhahabu juu ya mkaa, ndani ya kopo, mke akiwa jirani na mtoto mgongoni, na maji ya mwaloni, pale tunapooshea mchanga, yanateremka mtoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa uliokuja Rwamgasa uliwakuta wachomaji wa dhahabu wakiwa tayari na dalili za sumu hiyo mwilini. Mvuke ule hauonekani, na unaharibu fahamu, figo na mimba. Chombo cha kunasa mvuke, retoti, kipo. Kumwita Rafa na kukataa kukitumia ni kumjaribu Mungu. Nawaheshimu wauguzi wa Hospitali ya Kolandoto, ile ya Kanisa la AICT pale Shinyanga, ambao wanahubiri jina hilo kwa kufunga vidonda.

Najua yupo atakayeniambia kwamba namwongezea maskini mzigo. Kwamba mchimbaji hana kitu kingine ila majina haya, na yanamtia nguvu. Sikatai. Oktoba 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji 6 walifukiwa. 5 walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, mwenzao mmoja akiwa amefia mle ndani. Waliishi kwa kula mende, vyura na mizizi. Januari 2017 watu 15 walitolewa hai huko Nyarugusu. Mtu aliye chini ya kifusi aite jina lolote analolijua, wala asitokee mwenye shibe wa kumsahihisha. Maneno yangu siyaelekezi kwake. Nayaelekeza kwa waliokuwa juu ya ardhi siku ile: mwenye leseni, mwenye duara, msimamizi, na mchungaji aliyepokea zaka ya duara hilo bila kuuliza kama matimba yalikuwa mazima.

Kwao lipo jina moja ambalo silioni likiandikwa popote: Yehova Sabaothi, Bwana wa majeshi. Tunaliimba tu tukitaka adui zetu wapigwe. Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, limeliacha neno hilo la Kiebrania kama lilivyo mara 2 tu, na moja ya hizo ni katika Yakobo 5. Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira wa vibarua waliouzuia unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana Sabaothi. Yeremia naye analitoa jina la Bwana aliye haki yetu katika sura ya 23, na sura moja kabla yake amemkemea mfalme Yehoyakimu kwa kujijengea jumba kubwa huku akiwatumikisha watu bila kuwalipa.

Tunajua mgao wetu unavyokwenda. Mawe yanatoka, viroba vinapangwa. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, aliyetoa chakula na mafuta ya jenereta anarudisha gharama zake kwanza, ndipo wachimbaji wanagawana kilichobaki. Utaratibu huo peke yake si dhambi; watu wameukubali. Dhambi iko pale gharama zinapoongezwa usiku, viroba vizuri vinapohamishwa kabla wachimbaji hawajapanda juu, na kijana aliyechimba miezi mitatu anaambiwa bado anadaiwa chakula. Wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa, hapa nawasihi. Sadaka nono inapoletwa na mwenye duara, mwiteni pembeni, mwulizeni kama wachimbaji wameridhika na mgao. Kama hawajaridhika, mrudishieni. Ndugu zetu Waislamu wanaomtaja Mungu kwa majina 99 wanafundishana kwamba anayemwita Mwenye kurehemu imempasa naye kurehemu. Sisi tukiwa nyuma yao katika hili, ni fedheha.

Na jina la mwisho ni la mwanamke. Hajiri alikuwa kijakazi, mgeni, mjamzito, ametoroka manyanyaso, ameketi penye chemchemi jangwani. Katika Mwanzo 16 yeye ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina: El Roi, Mungu anionaye. Waislamu nao wanamkumbuka mama huyu kila mwaka wanapokwenda mbio kati ya Safa na Marwa. Katika kila kambi ya wachimbaji wamo mabinti wa namna yake, waliotoka Maswa, Kibondo au Ngara wakaja kupika, kuchota maji na kuponda mawe, na mshahara wao unakaa kwa bosi hadi siku anayoijua yeye. Wengine ni watoto. Hakuna anayewaandika popote, na anayepata mimba hurudishwa kwao kimya kimya au hupotea.

Kila kanisa lililo karibu na machimbo, kuanzia Nyarugusu hadi Kakola, liwateue akina mama wawili wenye heshima zao. Waende kambini kila mwezi, waketi jikoni na mabinti hao, waandike majina yao, umri wao, wanakotoka na wanachodai. Deni lipelekwe kwa mwenye duara mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Na wakimkuta mtoto, wasingoje Jumapili wala wasimwogope tajiri wa kambi: wamwite ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au wapige simu ya mtoto, namba 116, ambayo haina gharama.