Kericho Sio Ukuta wa Kupigia Picha

Wasee wa Nairobi, leo nawasema.

Kila wikendi ndefu ni ileile. Gari nne, droni moja, ngoma juu. Mai Mahiu, Narok, Bomet, Kaplong, Litein, halafu mnapaki kando ya barabara karibu na Kericho, mnaruka mtaro, mnazama kwa majani chai. Dakika ishirini baadaye mmeposti, mmegeuza. Hata chai hamkunywa!

Na nyinyi ndio huwacheka wazungu wa meli za kitalii wakishuka Mombasa, wakizungushwa Fort Jesus na Mji wa Kale, kisha jioni haoo, wamerudi melini kula. Wao angalau wana meli inawangoja. Nyinyi mnangojwa na nini?

Sasa sikizeni. Ule ubapa mnaoupenda, kilima kama kimepigwa pasi, sio maumbile. Mchai ukiachwa unakuwa mti. Unabaki kiunoni kwa sababu kuna mtu anaupogoa na kuuchuma, majani mawili na chipukizi, tena na tena. Mnapiga picha ya jasho la mtu mnaiita mandhari. Na hiyo kazi yenyewe inapungua: Mei 2023 mashine za kuchuma zilichomwa hapa Kericho, watu wakisema zimewanyang'anya kazi.

Na ardhi je? Wakoloni waliwafurusha Wakipsigis na Watalai, wazungu wakapanda chai. Mwaka wa 1934 walitunga sheria kabisa ya kuwahamisha Watalai, wakatupwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka wa 2022 malalamiko yalifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na haya nayajua. Hayataki digrii, yanataka tu uulize wazee.

Najua mtaniambia, "Wacha siasa, sisi tumekuja kutoa stress." Sawa, toeni. Lakini huwezi kupumzikia kwa stress ya mwenzako bila hata kumsalimia.

Sijasema msikuje. Kujeni! Ila lala hata usiku mmoja. Kula kwa kibanda Litein, kunywa chai ya maziwa, onja mursik. Usivamie shamba, mengi ya yale madogo ni ya familia zinazopeleka majani kwa viwanda vya KTDA, na mwenyewe ukimwomba vizuri atakuonyesha kona ambayo droni yako haingeipata.

Na ukitaka kumpiga mama picha na kikapu chake, omba kwanza, kisha umlipe. Yeye hulipwa kwa kilo. Dakika kumi za kukupozia ni majani ambayo hajachuma, na jioni mzani hautaki kujua ulipata likes ngapi.

Anza na "Chamgei." Ni neno moja tu, na halimalizi bando.