Kadi ya Picha Isizidi Umeme Wetu

Ndugu askari wapenzi wa michezo ya kompyuta hapa Juba Na Bari, mshahara wetu si wa kuchezea. Kabla ya kuinunulia mashine kuukuu kadi mpya ya picha, hatuna budi kwanza kusoma kibandiko cha pawasaplai yake. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Muuzaji akisifu kadi kubwa, tumwulize umeme wake utatoka wapi. Nvidia GTX 1650 ya mwaka 2019 hutosheka na kiasi hicho. Matoleo yanayodai waya wa ziada tuyaache. AMD RX 6400 ya mwaka 2022 hula umeme mdogo zaidi, lakini katika mashine ya zamani hupungukiwa kasi. Sisi twachukua ile ya kwanza, hata iliyokwisha kutumika, mradi tuione ikifanya kazi kabla ya kutoa fedha.