Watengenezaji filamu wa kike watuzwa ng'ambo, nyumbani soko hamna

WAHENGA walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kwa wanawake Wakenya wanaotengeneza filamu za makala, methali hiyo imepinduliwa: wanacheza kwao, lakini wanatunzwa ugenini.

Ushahidi ni mwingi. Filamu ya The Letter, aliyoelekeza Maia Lekow pamoja na Christopher King, inasimulia masaibu ya ajuza wa Kilifi anayeshutumiwa na jamaa zake kuwa mchawi. Ilizinduliwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2019. Ni katika tamasha hilo hilo ambapo Zippy Kimundu na mwenzake Meena Nanji walizindua Our Land, Our Freedom mwaka 2023, kuhusu juhudi za Wanjugu Kimathi kutafuta mabaki ya babake, shujaa Dedan Kimathi. Naye mtayarishaji Toni Kamau alialikwa mwaka 2020 kujiunga na akademia ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar.

Ni dhahiri basi kwamba vipawa na ujuzi si tatizo. Tatizo ni riziki.

Kizazi kilichotangulia kilikuwa na mwajiri. Anne Mungai, anayetajwa kuwa Mkenya wa kwanza wa kike kuelekeza filamu ndefu, Saikati (1992), alitokana na Taasisi ya Mawasiliano ya Umma (KIMC), ambayo ni ya serikali. Enzi hizo kamera, gari na mshahara vilitoka serikalini. Hata hivyo, aliyekula mkate wa serikali alijua pia mada zipi hazikupaswa kuguswa.

Kizazi kilichofuata kilichagua uhuru. Judy Kibinge aliacha kazi ya matangazo ya biashara akaingilia filamu, na mwaka 2015 akatoa Scarred, makala kuhusu mauaji ya Wagalla, Wajir, ya mwaka 1984. Ni vigumu kufikiria afisa wa serikali akiidhinisha bajeti ya kazi hiyo. Kibinge ndiye pia aliyeasisi Docubox, hazina ya kuwafadhili watengenezaji makala wa Afrika Mashariki.

Lakini uhuru huo una gharama. Makala ndefu huweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Katika kipindi hicho chote, mtayarishaji sharti awalipe wapigapicha, wahariri, madereva na mawakili, na alipie leseni. Malipo yake mwenyewe huja mwisho, iwapo yatakuja. Kwa mama mwenye watoto wa kulipiwa karo, huo ni mtihani mkubwa. Si ajabu kwamba wengi huishia kurekodi video fupi za mashirika yasiyo ya kiserikali, huku filamu zao zikibaki kwenye diski bila kuhaririwa.

Vituo vya televisheni vingeweza kuwaokoa. Badala yake, si jambo geni kituo kumtaka mtengenezaji alete mdhamini wake mwenyewe, au asubiri mgao wa mapato ya matangazo. Mwongozo wa vipindi uliotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA) mwaka 2016 ulivitaka vituo vitenge asilimia 40 ya vipindi kwa kazi za humu nchini. Kasoro ni kwamba kanuni ya aina hiyo hupima saa, wala haipimi malipo. Kituo chaweza kutimiza kiwango kwa mijadala ya studio isiyogharimu chochote.

Athari yake haimkumbi mtengenezaji pekee. Mfadhili wa ng'ambo, hata akiwa na nia njema, huuliza iwapo mtazamaji wa Paris au London ataielewa hadithi. Mauaji na ushirikina huvuka mipaka kwa urahisi. Mzozo wa kisima Kitui au masaibu ya wachumaji majani chai Kericho hauvuki. Hivyo, anayelipa ndiye anayeamua Wakenya wajitazame vipi.

Suluhisho halihitaji miujiza. Vituo vilipie makala kabla ya kazi kuanza, hata kama ni kwa kiasi kidogo, na haki za kazi zisalie kwa aliyeitengeneza. Serikali nayo ipime fedha ambazo kila kituo kimetumia kununua kazi za Wakenya. La sivyo, wanawake hawa wataendelea kushangiliwa ugenini na kurejea nyumbani wakiwa na vyeti mkononi na madeni mfukoni.