Msisingizie Uzee wa Gari



Wapendwa, Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, Hiace ya parokia iliwashwa mbele ya kanisa ili iwapeleke wanakwaya kigangoni, nanyi nyote mliona yaliyotokea. Wingu jeusi liliwafunika watoto wa mafundisho waliokuwa wamesimama kando ya ukuta, mama mmoja akamziba mwanawe uso kwa kanga, na baadhi yetu tukacheka. Mjumbe mmoja wa halmashauri walei akaniambia kwa upole, "Padre, gari limezeeka, tulivumilie tu." Neno hilo limenikera juma zima, nami leo naomba kulipinga hadharani.

Si uzee. Gari letu ni la kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 1989, lina injini ya dizeli iitwayo 3L, yenye ujazo wa lita 2.8, isiyo na taabo wala kompyuta. Injini ya namna hii, ikitunzwa, huweza kufanya kazi miaka mingi bila kumchafua mtu kanzu. Kinachotoka nyuma ya gari letu ni matunda ya mambo tuliyoyafanya sisi wenyewe, na mengine tuliyoyaacha bila kuyafanya, kisha tukamtwika uzee lawama kwa kuwa uzee haujitetei.

Fikirini jinsi injini hii inavyofanya kazi. Pampu hupeleka dizeli kwa kipimo kilichowekwa kwa vyuma na springi. Haina njia yoyote ya kujua ni hewa kiasi gani imeingia. Filta ya hewa ikijaa vumbi la barabara ya kigangoni, hewa hupungua, lakini pampu huendelea kumimina dizeli ile ile. Dizeli iliyokosa hewa hugeuka masizi. Ndiyo weusi mnaouona. Tena msidhani kwamba hasara yote imo ndani ya masizi hayo, kwani hayo ni sehemu ndogo tu. Hasara kubwa ni dizeli inayoungua kwa kuchelewa, ambayo joto lake huishia kwenye ekzosi badala ya kusukuma pistoni. Moshi ni shahidi tu. Mwizi yuko ndani.

Basi nawauliza: filta ya gari letu ilibadilishwa lini? Nimeuliza, nami sikupata jibu. Nilipoifungua kwa mikono yangu nilikuta vumbi, majani makavu na manyoya ya ndege.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalonichoma zaidi. Mwaka jana, gari liliposhindwa kupanda mlima likiwa na watu, fundi mmoja alikaza skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi zaidi. Skrubu hiyo hutoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa lakiri, na haikufungwa kwa mapambo. Tukapata nguvu kidogo, tukashangilia, na kuanzia siku hiyo tukaanza kununua dizeli ya kufukiza kijiji. Chanzo cha udhaifu ule hakikuwa pampu. Nozeli zilikuwa zimechakaa. Nozeli nzima hunyunyiza dizeli kama ukungu mwembamba. Iliyochakaa hudondosha matone, na tone haliungui kama ukungu. Nozeli hupimwa kwa mashine na fundi pampu, kwa muda mfupi. Sisi tulimwongezea mgonjwa chakula badala ya kumpima.

Fundi huyo huyo aliondoa themostati na kuitupa, akisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Wazungu wa baridi. Hoja hii imeenea katika gereji zetu kiasi cha kuaminiwa kama kanuni, nami nathubutu kusema kuwa ni upotofu. Injini imeundwa iungue vizuri maji yake yakiwa na joto la nyuzi 80 na zaidi. Kazi ya themostati ni kuifikisha hapo upesi na kuizuia isishuke. Ukiiondoa, injini hutembea ikiwa baridi asubuhi nzima, hula mafuta, na oili yake huchafuka. Kama gari linachemka, safisheni rejeta, kagueni feni na pampu ya maji. Kuondoa themostati ili gari lisichemke ni sawa na kuvunja kipimajoto ili mtoto asiwe na homa.

Nakuja kwenye sumaku. Muumini mwenye nia njema ametuletea sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, iliyouzwa kwa ahadi ya kupunguza matumizi. Nashukuru kwa ukarimu wake, lakini sitaifunga. Wakala wa Mazingira wa Marekani umekwisha kupima vifaa zaidi ya 100 vya aina hii vinavyodaiwa kuokoa mafuta, sumaku zikiwemo, wala haukuona vilivyoleta nafuu ya maana. Vichache vilivyosaidia vilisaidia kidogo mno. Fedha ya sumaku ingetosha kununua filta, na filta haina miujiza yoyote; inapitisha hewa, basi.

Namsikia mwingine akisema: "Tuliuze, tununue jipya zaidi, la petroli." Sipingi kununua, siku tukiwa na uwezo. Lakini gari jipya litaangukia mikononi mwa watu wale wale wenye tabia zile zile. Mnajua linalotokea kwa magari ya petroli: fundi humshawishi mwenye gari kwamba masega yaliyo kwenye ekzosi yanabana pumzi ya injini, huyakata, na kuyauza kwa sababu ya madini ya thamani yaliyomo, kama vile platinamu na paladiamu. Mwenye gari hubaki na bomba tupu, na sumu iliyokuwa ikigeuzwa humo sasa inatoka kama ilivyo. Masega mazima hayabani pumzi. Yakiziba, mara nyingi ni kwa sababu injini ilikuwa inaunguza vibaya kwa muda mrefu, nasi tunarudi pale pale tulipoanzia.

Nakiri jambo moja kwa uaminifu. Moshi wa bluu ni habari nyingine: huo ni oili inayoungua, dalili ya ringi au sili za valvu zilizokwisha. Hapo filta haisaidii; ni kufungua injini au kuachana nayo. Gari letu likipimwa na kukutwa hivyo, nitakuwa wa kwanza kusema tuliuze. Lakini moshi wetu ni mweusi.

Wengine mwasema ni moshi tu, utapeperuka. Mwezi Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Shule ya msingi iko hatua chache kutoka banda la gari, na dereva wetu ana desturi ya kuacha injini ikinguruma huku akisubiri wanakwaya wamalize kusalimiana. Watoto wale hawakuchangia dizeli yetu, wala hawapandi gari letu. Wanavuta tu.

Na hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme gari linakwenda kilomita 7 kwa lita. Kwa kilomita 1,000 za mwezi, ni lita 143. Likifika kilomita 9 kwa lita, ni lita 111. Lita 32 kila mwezi, kutoka katika kapu lile lile la sadaka ambamo wajane wetu huweka walichonacho. Ili tujue ukweli badala ya kubishana, tanki litajazwa mpaka juu, kilomita zitaandikwa, litajazwa tena, na tutagawanya.

Jumatano gari litakwenda kwa fundi pampu. Nozeli zote nne zitapimwa, skrubu itarudishwa mahali pake, themostati na filta mpya zitafungwa, na tairi zitajazwa upepo sawasawa. Keria ya juu itashushwa, kwa maana tunaibeba tupu mwaka mzima kwa ajili ya safari mbili za hija. Wanakwaya, viti na ngoma mlizozihifadhi ndani ya gari zitolewe kabla ya Jumanne jioni. Zitakazobaki nitaziweka barazani, na msimu wa mvua huu sitawajibika nazo. Sumaku iko ofisini kwangu, mwenyewe aje aichukue.

Paroko wenu