Muulizeni mchungaji leseni kabla ya harusi

Mhariri,

Hapa Kihonda makanisa madogo ni mengi, na Jumamosi matarumbeta ya harusi hayakauki. Wachache huuliza kama mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka leseni hiyo, na inatolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kanisa kuwa limeandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya hakutoshi.

Jirani yangu, aliyefungishwa ndoa na mchungaji asiye na leseni, alifiwa na mumewe. Alipofuatilia mirathi alikuwa na picha za harusi tu, cheti hakuna. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinamlinda: ndoa haibatiliki kwa sababu mfungishaji hakuwa na ruhusa, isipokuwa kama wote wawili walilijua hilo, wala haibatiliki kwa kutosajiliwa. Lakini mjane mwenye watoto wanne ataitetea vipi hoja hiyo mbele ya mashemeji waliokwisha kushika funguo za nyumba?

Sisemi makanisa haya yafungwe. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda imani yao kama inavyolinda yangu. Naiomba RITA iwafuate wachungaji hawa, hapa mjini na kule milimani Matombo na Mgeta, isiwasubiri. Nanyi mnaojiandaa kuoana, iombeni leseni muione kwa macho kabla ya kuchapisha kadi.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro Mjini